Siku Wazazi Walipoimba Maneno Tuliyokatazwa Kusema

Wenzangu wa idara ya lugha, siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani, kisha mmoja wenu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli niliwahi kupewa barua ya onyo kwa sababu ya wachekeshaji wa Paris waliokufa karne nyingi zilizopita. Ni kweli. Nilisema nitaiandika habari hiyo muiweke kwenye faili ya idara, na sasa nina wakati. Blanketi nimeanza kulitumia. Saa bado inatafuta ukuta.

Nilifika shule hii ya wasichana, juu kidogo ya Kapsoit, nikiwa na barua ya kuajiriwa kufundisha Kifaransa. Mwalimu mkuu wa wakati huo aliisoma mara mbili, akaniuliza kama naweza pia kilimo. Nikasema naweza Kiswahili. Akasema hiyo ni afadhali, kwa sababu mwalimu wa Kiswahili alikuwa amekwenda kujifungua. Wiki ya kwanza nilifundisha Kiswahili vipindi ishirini na Kifaransa vipindi vitatu, kwa wasichana tisa, katika chumba cha majembe. Tulikalia mifuko ya mbolea. Kitabu kilikuwa kimoja, na hicho kilikuwa changu.

Vifaa vyangu vya kwanza vilikuwa kioo cha mkononi na koo. Kioo ni cha midomo: kuna irabu za Kifaransa ambazo mtu hawezi kuzitamka mpaka ajione akifanya mdomo kama anayepuliza chai ya moto. Koo ni kwa ajili yetu Wakipsigis, ambao b na p kwetu ni ndugu wa tumbo moja. Kwa Kifaransa, kinywaji ni boisson na samaki ni poisson. Wasichana wangu waliagiza glasi ya samaki kwa wiki mbili. Nikawaambia waweke vidole kooni: likitetemeka ni kinywaji, lisipotetemeka ni samaki. Jaribuni. Halihitaji umeme.

Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Ogutu. Baba yake alikuja kutoka upande wa ziwa kuwasha boila katika kiwanda cha majani chai, na yeye akazaliwa huku huku, kwenye nyumba za wafanyakazi. Alifundisha Kiingereza, alipiga kodiani kwenye harusi, na alikuwa na tabia ya kumuuliza mtu swali kisha kuondoka kwenda darasani bila kungoja jibu. Aliniita nyara, yaani binti yangu kwa lugha ya kwao. Nilipoambiwa nisimamie pia kikundi cha maigizo, nilikwenda kumlilia kwamba sijui lolote kuhusu jukwaa. Alikuwa anakoroga chai.

"Nyara," alisema, "wewe si mtu wa Kifaransa? Sikiza. Paris, mwanzo wa karne ya kumi na nane. Kuna jumba moja lenye ruhusa ya mfalme kuigiza michezo ya kusemwa. Wengine wote hawana. Lakini kuna masoko mawili makubwa ya msimu, moja kabla ya Pasaka, lingine wakati wa joto, na huko kuna vibanda vya wacheza kamba na wachekeshaji. Watu wanajaa vibandani. Wale wa jumba la mfalme wanakasirika, wanaenda mahakamani. Amri inatoka: vibandani, waigizaji wasizungumze wao kwa wao. Wewe ungefanya nini?"

Akaenda darasani.

Kesho yake nilimpa jibu: mmoja aseme, wengine wafanye ishara.

"Walifanya hivyo," alisema. "Na kulikuwa na werevu zaidi. Anasema mmoja, anatoka. Mwenzake anaingia, anajibu, anatoka. Hawajazungumza, wamepishana tu mlangoni. Haya, amri nyingine: hakuna kusema kabisa."

Nikasema walete wanasesere. Akasema walileta hao pia, lakini waigizaji wenyewe, wenye miili na njaa, walifanya nini? Siku tatu sikupata jibu. Nilikuwa napika nikifikiria, natembea kati ya mashamba ya chai nikifikiria. Hatimaye nilimwambia nimeshindwa, naye akafurahi kuliko ilivyofaa.

Walikuwa na mikunjo ya karatasi nene, aliniambia. Kila mwigizaji alikuwa na mikunjo yake kwenye mfuko wa kulia. Wakati wake ukifika anafungua mmoja, na pale kuna maneno yake kwa beti, kwa herufi kubwa, ya kuimbwa kwa sauti ya wimbo ambao mji mzima unaujua. Wanamuziki wanaanzisha, watazamaji wanasoma, wanaimba. Mwigizaji anafanya vitendo, kisha anatia mkunjo kwenye mfuko wa kushoto. Baadaye maandishi yalishushwa kutoka darini na watoto waliovalishwa mabawa.

"Mwigizaji hajafungua mdomo," alisema. "Aliyesema ni nani? Ukumbi mzima. Sasa askari atamkamata nani?"

"Na wale wasiojua kusoma?" nikauliza.

Mwalimu Ogutu aliweka kikombe chini. "Hilo," alisema, "sijui." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo, na hakulipenda neno lenyewe mdomoni.

Alinipa bahasha ya nakala kuhusu vibanda hivyo alizokuwa nazo tangu chuo, kwa Kifaransa, nyingine zimeliwa na mende pembeni. Nilizisoma kwa miaka. Nilijifunza kwamba vibanda viliweka waimbaji wao katikati ya watazamaji, wamevaa kama watu wengine, ili wimbo uwe na pa kuanzia. Nilijifunza kwamba safari moja kibanda kiliruhusiwa msemaji mmoja tu, na mwandishi akaandika mchezo mzima wa mtu mmoja kusema. Nilijifunza kwamba katika vichekesho vyao mtumishi karibu kila mara anamzidi bwana akili, na bwana ananunua tiketi kuja kulitazama hilo. Lakini swali la wasiojua kusoma sikulipata popote. Nilimuuliza mhadhiri mmoja aliyefundisha huko Kabianga. Akasema ataangalia. Nilikutana naye tena baada ya miaka sita, mazishini. Akasema bado anaangalia.

Mnaosimamia maigizo sasa, kumbukeni mvua. Huku kwetu mvua huja mchana saa tisa kama mtu wa zamu, na chini ya mabati hakuna msichana anayesikika. Nimepoteza michezo mingi kwa mvua kuliko kwa majaji. Pangeni mazungumzo muhimu kabla ya saa nane na nusu.

Mwalimu Ogutu alistaafu, nikakalia kiti chake. Miaka michache baadaye akaja Chelangat.

Chelangat alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mkimya, binti wa mchumaji chai katika shamba kubwa tunalopakana nalo. Mama yake alimlea peke yake. Wakati huo mashine za kuchuma zilikuwa zimeanza kuletwa, zile zinazobebwa na watu wawili, mfuko ukifuata nyuma kama mkia, na watu wakipewa barua za kusimamishwa kazi. Kila darasa lilikuwa na wasichana watatu au wanne ambao ghafla hawakutaka kuulizwa habari za nyumbani.

Niliwaambia wa kikundi cha maigizo waandike kichekesho cha siku ya wazazi. Chelangat alileta daftari. Katika mchezo wake mashine inafika shambani na haijui kuacha. Inachuma chai, inachuma mahindi ya jirani, inanyonyoa kuku wa mchungaji wa kanisa, inachuma kofia ya nyapara kichwani mwake, na mwishowe inaingia kwa meneja kuchuma tai yake huku akiisifu. Nilicheka mpaka nikavua miwani. Mwisho wake haukuwa wa kuchekesha. Mwanamke anasimama peke yake, anatazama vidole vyake.

"Haya umeyatoa wapi?" nilimuuliza.

"Nyumbani tu, Madam," alisema, akachukua daftari lake.

Shule haikuwa na ukumbi. Siku ya wazazi tuliifanya katika ukumbi wa shamba, na wazazi wengi walikuwa wafanyakazi wa pale. Siku nne kabla, Bwana Kirui, afisa wa maslahi ya wafanyakazi, alikuja kutazama mazoezi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetaka kufika mwisho wa mwezi bila kelele. Alikaa mpaka mwisho, akakunja mikono.

"Madam Rael, mchezo ni mzuri," alisema. "Lakini hayo maneno hayawezi kusemwa ndani ya ukumbi huu. Wakubwa watakuwa viti vya mbele."

"Ni kichekesho, Bwana Kirui."

"Ndiyo shida yake. Hotuba watu husahau."

Jioni hiyo mwalimu mkuu aliniita. Ukumbi ni wao, alinikumbusha. Maji ya shule ni yao. Hata barabara ya kuja shuleni inapita kwao. Mezani kulikuwa na barua ya Bwana Kirui.

"Wasichana wacheze tu, kwa vitendo," alisema mwalimu mkuu. "Lakini hakuna atakayefungua mdomo. Nimemaliza."

Niliomba kuisoma barua. Ilisema: wanafunzi wasitamke neno lolote jukwaani. Niliisoma tena. Nitakuwa mwongo nikisema nilichosikia ni hasira peke yake. Miaka ishirini na kitu nilikuwa nimejiuliza kama ule ujanja wa mikunjo wa Paris ulifanya kazi kweli. Nikaomba nakala. Mwalimu mkuu alifikiri ni utiifu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu Ogutu. Alikuwa anamwagilia sukumawiki. Alinisikiliza bila kuweka ndoo chini, kisha akasema, "Nyara, nitahitaji siku moja kurekebisha kodiani. Kibonyezo kimoja kinakwama."

"Na tukipata shida?"

"Mimi ni mstaafu, watanifanya nini. Wewe ndiye ujiulize."

Nilijiuliza. Uhamisho ungeweza kunipeleka mbali, na nilikuwa na mama mgonjwa nyumbani. Niliwakusanya wasichana nikawaeleza hatari yangu na yao, na kwamba anayetaka kujitoa ajitoe bila kulaumiwa. Msichana mmoja wa kidato cha nne alisema, "Madam, hii itabamba," yaani itapendeza sana, na wengine wakaona mjadala umekwisha. Chelangat alikuwa tayari anahesabu mizani kwa vidole.

Sasa ufundi, kwa faida yenu. Karatasi ya manila haifai. Inajikunja na inapiga kelele. Tulitumia kitambaa cheupe cha marekani, tukaandika kwa rangi ya ubao, herufi zenye urefu wa kiganja. Nilisimama mwisho wa uwanja wa netiboli nikapima: mstari usizidi maneno manne, la sivyo wa nyuma wanakata tamaa. Kila kitambaa tulikizungushia mpini wa fagio. Sketi zetu hazina mifuko ya kutosha mipini, kwa hiyo tulifanya jambo ambalo Wafaransa hawakuwa nalo: kila msichana alibeba kikapu cha kuchumia chai mgongoni, na maneno yake yakawa humo. Wimbo ulikuwa ule wa kanisani ambao kila mtu wa huku, Mkipsigis au mtu wa ziwani, huuimba akiwa usingizini. Nilizungumza na wanawake watatu wa kwaya wakae katikati. Niliwaomba wasichana wasimwambie mtu yeyote, hata mama zao.

Siku ilifika. Wakubwa walikaa mbele, Bwana Kirui pembeni yao. Wazazi walijaa hadi madirishani, wengine wametoka shambani moja kwa moja na aproni zao za plastiki. Mwalimu Ogutu alikaa kwenye kistuli karibu na jukwaa, kodiani mapajani, kama aliyekuja kutumbuiza wakati wa soda.

Mashine iliingia, wasichana wawili ndani ya katoni iliyopakwa rangi, gunia likiburuta nyuma. Watu walicheka. Mchumaji wa kwanza akaingiza mkono kikapuni, akatoa mpini, kitambaa kikashuka:

Mashine haina mwana,
Haiombi mshahara,
Huchuma jani na shina,
Na kofia ya nyapara.

Mwalimu Ogutu akapiga wimbo. Hakuna aliyeimba. Akaupiga tena. Wanawake wangu wa kwaya waliangalia migongo ya wakubwa, kisha wakaangalia magoti yao. Nilisikia mvua ya kwanza ikigonga mabati. Msichana aliyeshika mpini aligeuka kunitazama nyuma ya pazia, na nikajiambia: basi, Rael, umepata jibu. Lilikuwa jambo la vitabuni.

Ndipo mwanamume mmoja aliyekuwa dirishani, ambaye nadhani alikuwa akisoma polepole, akafika kwenye kofia ya nyapara. Akacheka peke yake, kicheko kirefu. Aliyekuwa karibu naye akamuuliza ni nini, naye akamsomea. Akamsomea kwa sauti ya wimbo, kwa sababu kodiani ilikuwa bado inaucheza na maneno hayakuwa na mahali pengine pa kukaa. Mmoja wa kwaya akamfuata. Mstari wa tatu uliimbwa na nusu ya ukumbi. Waliporudia ubeti, mvua ilikuwa imeshuka kweli kweli, na bado niliwasikia.

Vitambaa vilikuwa saba. Cha pili walikiimba bila kusubiri. Cha tatu, cha kuku wa mchungaji, mchungaji mwenyewe aliimba. Nilisimama nyuma ya pazia nikitazama midomo, kama nilivyotazama midomo ya wanafunzi miaka yote. Wasiojua kusoma walikuwa nusu hatua nyuma ya wenzao, wakidaka neno kutoka kwa jirani, na mara ya pili walikuwa sawa. Nikafikiri: kumbe ndivyo. Nilitamani kumwambia mtu papo hapo.

Kisha Chelangat akaingia peke yake kwa sehemu ya mwisho. Alitazama vidole vyake. Akatoa mpini wa saba, na kabla kitambaa hakijafunguka hata mstari mmoja, mwanamke aliyekaa safu ya nne alisimama akaanza kuimba:

Vidole vyangu mwaona,
Vimesomesha wangapi?
Kazi nikikosa tena,
Nitavipeleka wapi?

Alikuwa mama yake. Nilimfahamu, kila muhula alitia kidole gumba kwenye kitabu cha wazazi kwa sababu hakujua kusoma wala kuandika. Watu walimwachia mara ya kwanza aimbe peke yake. Mara ya pili waliimba wote. Chelangat alishika mpini kwa mikono miwili, mdomo umefungwa kabisa kama ilivyoagizwa, machozi yakimwagika.

Wakubwa waliondoka kabla ya soda. Bwana Kirui alibaki mlangoni akitazama mvua.

"Madam, umenichezea," alisema.

"Barua yako ilisema wanafunzi. Hakuna mwanafunzi aliyetamka neno."

"Ningeandika na wazazi."

"Ungewakatazaje?"

Alifikiri. "Hiyo kofia ya nyapara," akasema, "mliitoa kwangu?"

"Ni ya karatasi, Bwana Kirui."

Alitikisa kichwa, akavuta koti juu ya kichwa, akaingia mvuani.

Tulinyimwa ukumbi mwaka huo na uliofuata. Mimi nilipata barua ya onyo yenye makosa mawili ya sarufi. Niliyasahihisha kwa kalamu nyekundu kabla ya kuitia kwenye faili. Uhamisho haukuja. Mashine zilikuja. Wiki ile ile nilisikia kwamba mama Chelangat alikuwa amepata barua yake ya kusimamishwa mwezi mmoja kabla ya mchezo, na mtoto hakuwa amemwambia yeyote. Mama alihamia kwa kaka yake upande wa Bomet. Chelangat alimaliza shule kwa msaada wa kanisa.

Mwalimu Ogutu alitaka kujua kila kitu. Tulikaa kwake Jumamosi nzima akiniuliza: kimya cha kwanza kilidumu pumzi ngapi, nani alicheka, wasiosoma walichelewa kiasi gani. Nilimweleza habari ya nusu hatua, akaiandika. "Lakini yule wa safu ya nne," alisema. "Yeye hakuchelewa. Yeye alitangulia." Tuliwaza labda Chelangat alimfundisha nyumbani. Nilimuuliza Chelangat, akasema hakumwambia mama neno. Nilimwamini. Mwalimu Ogutu alifariki miaka miwili baadaye, bila jibu hilo.

Mwezi uliopita, mkiwa mmeshaniaga, nilikwenda Bomet kufuatilia hati ya shamba katika ofisi za kaunti. Afisa alikuwa ametoka. Nikaingia sokoni kupitisha muda, na pale, nyuma ya mafungu ya mboga za managu, nikamkuta mama Chelangat.

"Chamgei, Mama."

"Chamgei, Madam. Umezeeka."

"Na wewe."

Alicheka, akanipa kiti chake, yeye akakalia ndoo. Chelangat sasa anafundisha chekechea, aliniambia, na watoto wake hawanyamazi. Kisha nikamuuliza.

"Kile kitambaa cha mwisho, Mama. Uliimba kabla hakijafunguka. Nani alikuwa amekuambia?"

"Hakuna. Uliwakataza, na huyo mtoto ukimkataza amekatazwa."

"Sasa ulijuaje?"

Alipanga managu upya, ingawa yalikuwa yamepangwa.

"Siku ile barua yangu ya kusimamishwa ilikuja," alisema, "nilikaa jikoni nikaongea peke yangu. Nikaongea juu ya mashine. Nikaongea juu ya nyapara, juu ya mchungaji na kuku zake, nikacheka kama mwenda wazimu. Mwisho nikaongea juu ya vidole vyangu, vimesomesha wangapi, nitavipeleka wapi, nikalia. Mtoto alikuwa anaosha sufuria. Nilifikiri hasikii. Sasa kule ukumbini watu wakaimba ya mashine. Nikasema moyoni, hii ni yangu. Wakaimba ya kuku, hiyo pia yangu. Yote yakaisha, moja baada ya lingine, watu wote wakiimba maneno yangu na hawajui. Huyo mtoto akatoa ya mwisho. Madam, si ilikuwa imebaki moja tu? Hiyo sikuweza kungoja mtu mwingine aianze."